Nusu Sekunde Kabla ya Ukungu

Baba alikuwa na miwani ya kusomea ambayo nadhani mimi niliivaa kuliko yeye. Nikiwa darasa la pili nilikuwa naivizia akiiacha juu ya meza, naivaa, natoka nje, nawaangalia ng'ombe wetu wakiyeyuka. Kilichokuwa mbali kiligeuka rangi tupu isiyo na umbo, na kidole nilichokisogeza karibu na pua kilionekana mpaka mistari yake. Niliangalia mahindi hivyo, nikaangalia choo, nikaangalia mama akikama, hadi kichwa kikaanza kuuma. Baba alinichapa mara moja, halafu akanizoea. Nayasema haya ili ijulikane kwamba hamu yangu ya kuona vitu vikipotea na kurudi haikuanza na simu.

Kwa kazi mimi ni mpiga video. Nimepiga harusi, mazishi, mahafali na ibada za shukrani, Eldoret mjini na vijiji vinavyouzunguka, na nimekula wali wa sherehe kuliko mtu yeyote ninayemjua. Miaka ya karibuni vijana walianza kuniagiza video "ya kisinema". Ukiwauliza maana yake wanakuonyesha kwenye simu: bibi harusi yuko mbele, wazi hadi kope, na nyuma yake kila kitu ni ukungu laini, taa zimekuwa madoa ya duara. Kwa kamera kubwa na lenzi nzuri hilo linawezekana. Kwa simu ya kawaida, ile ambayo kila mtu anayo mfukoni, haliwezekani, kwa sababu jicho la simu ni dogo na huona kila kitu wazi, cha mbele na cha nyuma. Nilikuwa nikijiuliza kila mara kama kuna namna ya kuidanganya.

Mwenzangu nilimpata harusini. Alikuwa msimamizi wa bibi harusi, amevaa gauni la zambarau lililombana kwapani, na badala ya kucheza na wenzake alikuja kusimama nyuma yangu akaanza maswali. Mbona unazungusha hapo? Mbona ukirudi nyuma sura yake inakuwa nyembamba? Nilikuwa karibu kumfukuza nilipotambua kwamba maswali yake yalikuwa mazuri kuliko majibu yangu. Alikuwa anaandika programu za simu, akiishi mtaa wa Langas kwa mama yake, fundi wa cherehani aliyehamia hapa kutoka magharibi kabla binti hajazaliwa. Nami nilimuuliza ya kwangu, na kwa sababu hiyo keki ilikatwa nikiwa nimeipa mgongo. Bibi harusi yule hajanisamehe hadi leo.

App yetu ilichukua mwaka na nusu. Tuliijenga kwenye chumba chao cha mbele pale Langas, cherehani ikinguruma upande mmoja na sisi tukibishana upande wa pili. Ujanja wenyewe ni huu. Kwa kila picha, programu inakisia nani yuko karibu na nani yuko mbali, kisha inamwacha wa karibu na kuwamwagia ukungu wengine. Ukimgusa mtu mwingine kwenye kioo, ukungu unahama. Nayo inapiga picha ishirini na nne kwa sekunde, kama filamu za sinema, si thelathini kama simu zilivyozoea. Majaribio tuliyafanya kwa kuku wa jirani, viumbe ambao hawajui kutulia. Wiki nzima app iliamini kwamba kishungi cha jogoo ni mkono wa mtu, na kila jogoo alipopita, kishungi kilibaki wazi kikielea hewani peke yake. Nilicheka hadi mama fundi akatutoa nje.

Mambo mawili yalituletea ubishi wa kweli. La kwanza lilikuwa nafasi. Mwenzangu alitaka app ihifadhi video mbili, moja yenye ukungu na nyingine safi, ili mtu akibadili nia aweze kurudi nyuma. Nilikataa. Nawajua watu wetu: simu za hapa zimejaa kila siku, mtu anafuta picha za mtoto wake ili apokee za kikundi cha kanisa. Nilimwambia tuwawekee moja tu, ile safi itupwe palepale. Tulibishana siku tatu, nikashinda.

La pili tulilipa jina la kushtuka. Ukibonyeza kurekodi, ubongo wa app ulichukua kama nusu sekunde kuamka, na katika nusu sekunde hiyo kila kitu kilionekana wazi, halafu ukungu ukashuka kwa ghafla. Ilikuwa aibu tupu. Mwenzangu aliliwinda kosa hilo kwa miezi na halikushikika. Mimi nilikuwa na dawa yangu ya mkato: kila kipande nilichopiga nilikata nusu sekunde ya kwanza, nikaitupa, nikasahau.

Kwa ajili ya uzinduzi tulihitaji filamu fupi iliyopigwa kwa simu peke yake. Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa anaposwa, na koito ikapangwa kufanyika nyumbani kwetu Chepsaita. Hiyo ndiyo siku ambayo wazee wa pande mbili huketi sebuleni kuzungumzia mahari, mlango umefungwa, na sisi wengine tuko nje kwenye mahema tukingoja kuitwa. Baba wa msichana ndiye anayekaa kwenye kiti cha ndani kabisa. Baba yetu alishafariki, na kwa desturi kiti hicho kilikuwa cha ndugu yake, baba mdogo.

Baba mdogo hakuwa amekanyaga kwetu kwa miaka saba. Baada ya kumzika baba alikata mikaratusi ya mpakani, ile waliyoipanda wawili wakiwa vijana, na hakumuuliza mama. Mama alimwambia mbele ya watu, nje ya kanisa, kwamba kumbe alikuwa anangoja tu kaka yake afunikwe udongo. Nadhani hata mama alijua wakati anasema kwamba amevuka mpaka, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.  Baba mdogo alihamia mji wa Turbo kwenye kinu chake cha kusaga unga, na tangu siku hiyo hapakuwa na salamu kati yao. Wazee walimtumia ujumbe kuhusu koito. Hakusema anakuja, hakusema haji.

Mdogo wangu alikuwa na ombi moja kwa harusi nzima, na alilisema mapema. Alitaka aingizwe kanisani na baba mdogo, kwa sababu anatembea kama baba. Kama si yeye, basi ataingia peke yake. Mama aliposikia hivyo alitoka kwenda kumwangalia ndama ambaye hakuwa na shida yoyote.

Siku ya koito kiti kilikaliwa na mjomba, kaka yake mama, na alikikalia kwa upande mmoja wakati wote, tayari kukipisha. Haya nilisimuliwa. Mimi nilikuwa nje na simu, nikitafuta mwanga. Nilikuwa nimeona kwamba upande wa jikoni, kati ya mlango na tangi la maji, jua la asubuhi linaingia kwa mshazari, na nilimwomba mdogo wangu atoke jikoni na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, aje moja kwa moja kwangu bila kuniangalia. Nilisimama, nikaelekeza simu kwenye tangi, nikapima mwanga, nikabonyeza. Akatoka. Nikamgusa usoni kwenye kioo, ukungu ukakaa pale ninapoutaka, akaja akiwa amekishika kibuyu kwa mikono miwili. Zilikuwa sekunde kumi na moja na nilijua palepale kwamba ndizo bora kuliko zote nilizowahi kupiga.

Kwa uzinduzi tulikodi ukumbi wa ghorofa ya pili mjini. Projekta tuliiazima kanisani, na badala ya kioo cha sinema tulitundika shuka jeupe la mama fundi, ambalo alilipiga pasi mara mbili na bado akalalamika juu ya mikunjo. Walikuja wapiga video wenzangu, waliotaka kuona kama nimekuja kuwaharibia kazi. Walikuja wanafunzi wa chuo wengi kuliko viti, mchungaji mmoja, na mama, aliyesafiri kutoka Chepsaita akiwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa na kukaa mstari wa mbele na mkoba wake magotini.  Nilienda chooni mara tatu.

Mwenzangu alibonyeza kitufe cha kuiachia app mbele ya watu wote, halafu tukazima taa na kuonyesha filamu. Mdogo wangu alipotokea kwenye shuka na kibuyu chake, nilisikia ukumbi ukivuta pumzi.

"Hii ni simu kweli?" kijana mmoja akauliza nyuma yangu. "Zii, hii ni kamera, wanatucheza."

"Ni simu, buda. Na si ata ya bei kubwa."

Sijui kama nimewahi kufurahi vile. Taa zilipowashwa watu walikuwa wanaipakua palepale kwenye viti vyao, wengine wakifuta vitu kwanza ili ipate nafasi, nami nilimtazama mwenzangu kwa kiburi, kama kumwambia unaona sasa. Maswali yakaja. Je, inakula chaji? Inapasha simu moto? Ndipo mama akainua mkono, ameunyoosha juu kabisa kama darasani.

"Huyo wa nyuma ni nani?"

Mwenzangu alimjibu kwa adabu. "Mama, huyo ni wa nyuma tu. App imemfanya asionekane vizuri, ndio macho yako iende kwa msichana."

"Macho yangu haijaenda kwa msichana. Msichana namjua, ni wangu. Nauliza huyo wa kofia, hapo kwa tangi."

Watu walicheka. Mama hakucheka. "Rudisha," akasema.

Tungefanya nini, tukarudisha. Kando ya tangi kulikuwa na doa refu la kahawia, na juu ya doa la kahawia kulikuwa na doa jeusi. Kipande kile nilikuwa nimekitazama mara mia moja nikikihariri, na sikuwahi kufikiria kwamba pale pana mtu. Mpiga video mmoja mzee alisema ni nguzo. Doa likasimama kidogo, likageuka, likatembea kuelekea lango la nyuma, lile la shambani. Mzee wa nguzo akasogeza kiti chake mbele.

"Tena," mama akasema.

Tulirudia mara nne. Ukumbi mzima ulikuwa umeinama mbele, hata mchungaji, watu wasiomjua mama wala nyumba yetu wakijaribu kumtambua mtu kwenye shuka la kitanda.

"Anageuka na bega la kushoto kwanza," mama akasema polepole, akiwa hamwambii yeyote. "Kama mtu amebeba gunia." Akakaa, akafungua mkoba, akaufunga. Nilijua anamfikiria nani, na nilijua hatamtaja.

Tangu hapo sikulala na raha, na si kwa sababu ya app. Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Kama yule alikuwa baba mdogo, basi alikuja kukalia kiti cha kaka yake na kuna jambo lilimrudisha kutoka langoni, na mtu alipaswa kumfuata. Kama hakuwa yeye, mama hangekwenda kumbembeleza mtu ambaye hakujali hata kuja, na mdogo wangu angeingia kanisani peke yake. Yote yalitegemea doa.

Nilianza upelelezi. Niliwapigia wapishi. Mmoja alimkumbuka mzee mwenye kofia akipita kwenye mahindi na akadhani ni wa upande wa wageni. Niliwapigia wageni, nao walikuwa wamemwona mzee kando ya tangi na kudhani ni wa upande wetu. Binamu aliyewekwa kulinda lango alilinda lango la mbele kwa bidii zote. Kofia nayo haikusaidia, maana kila mzee wa kwetu Uasin Gishu ana kofia nyeusi. Mdogo wangu sikumwambia kitu. Alikuwa anapima viatu.

Nilikwenda Langas nikamwambia mwenzangu atoe ukungu.

"Hautoki," akasema. "Wewe unafikiria ni pazia nitafungua. Hiyo ni rangi zimechanganywa. Nikuwekee sukari kwa chai, nikoroge, halafu uniambie nitoe sukari?"

"Na ile safi?"

"Ulisema itupwe."

Alilisema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kama angenicheka. Nilimkasirikia, nikazikasirikia simu zinazojaa, nikawakasirikia watu wa vikundi vya kanisa na picha zao za maua ya kuamkiana. Mwisho ilibidi nijikasirikie mwenyewe, na nilipofika hapo nikakumbuka kushtuka.

Nusu sekunde ya kwanza. Kabla ubongo wa app haujaamka, kila kitu ni safi. Furaha yangu ilidumu muda wa kuvuta pumzi moja, kwa sababu nilikumbuka pia kwamba nusu sekunde hizo nilizikata kwa mkono wangu, na vipande vyenyewe nilishavifuta. Simu yangu ilikuwa imejaa.

"Mimi niko nazo," mwenzangu akasema.

Kumbe kila nilipompa simu alikuwa anavinakili vipande vyote kwenye kompyuta yake kabla sijavigusa, ili achunguze lile kosa. Nilikuwa nimemtania kwa miezi kwamba anaokota takataka zangu. Akafungua faili. Cherehani ikasimama, na mama fundi akaja kusimama nyuma yetu na futi yake ya kupimia shingoni, kwa sababu naye alitaka kujua.

Nusu sekunde ni picha kumi na mbili. Tulizifungua moja moja.

Kwenye ya kwanza kulikuwa na mlango wa jikoni, ndoo, kuku wawili, tangi, na baba mdogo. Alikuwa wazi hadi vifungo. Alikuwa amevaa koti la kahawia la baba, lile alilopewa siku ya kugawa nguo za marehemu, na alikuwa amelipiga pasi. Alikuwa ananitazama mimi.

Inabidi nieleze salamu yake. Kinu kimemmaliza sikio moja na la pili limebaki nusu, kwa hiyo yeye husalimu kwa mkono. Anainua kiganja hadi ukingo wa kofia, anakiacha hapo, na hakishushi mpaka umwitikie. Na kwetu mkubwa ndiye anayetoa salamu. Mdogo hana kazi nyingine ila kuitika, na mdogo asiyeitika amesema kila kitu.

Kwenye picha ya kwanza mkono wake ulikuwa kifuani. Kwenye ya tano ulikuwa kidevuni. Kwenye ya tisa ulifika kwenye kofia, na mdomo wake ulikuwa umeanza kutabasamu, kwa aibu kidogo, vile mtu mzima anavyotabasamu akiwa hana hakika atapokelewaje. Kwenye ya kumi na mbili mkono ulikuwa pale pale, unangoja, na pembe za picha zilikuwa zimeanza kuloa ukungu. Baada ya hapo likatokea umbo la mdogo wangu mlangoni, na kidole changu kikamchagua yeye.

"Alikuwa anakusalimia," mwenzangu akasema.

Kati yetu palikuwa na hatua ishirini. Uso wangu umemwelekea, simu imeinuliwa mbele ya macho, na kutoka pale aliposimama mimi nilikuwa namtazama yeye moja kwa moja. Nilimtazama, sikuinua mkono, halafu nikageukia msichana. Alingoja zaidi ya sekunde tano na mkono kofiani. Nilikuwa nimezihesabu sekunde hizo mara mia nikizisifu. Nililia mbele yao, sikuweza kujizuia, na kamasi zikanitoka.

Mama fundi alinitazama kwa mshangao. "Sasa unalia nini na mtu yuko hai?" akaniuliza. "Turbo si ni hapa tu."

Kwanza nilikwenda Chepsaita. Mama alizitazama zile picha akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Aliitazama ya tisa muda mrefu.

"Amevaa koti," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Na amelipiga pasi mwenyewe, hana mtu." Nilingoja. Aliondoka kwenda nje, na nikadhani amekwenda tena kwa ndama, lakini alirudi na kuni. "Nenda wewe," akaniambia. "Ni wewe hukuitika. Yangu nitaisema mwenyewe akikuja."

Mwenzangu naye hakungoja kibali changu. Wiki hiyohiyo aliibadilisha app, na sasa inahifadhi video mbili, ile ya ukungu na ile safi, na anayetaka kuitupa iliyo safi lazima aulizwe kwanza kama ana hakika. Wapo wanaolalamika kwamba inajaza simu. Nami huwaambia wafute maua. Kosa la kushtuka alikuja kulitibu miezi kadhaa baadaye, lakini mimi kwenye simu yangu nimebakiza toleo la zamani.

Turbo nilifika saa nne asubuhi. Kinu kiko nyuma ya maduka, na unakisikia kabla hujakiona. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na madebe yao. Baba mdogo alikuwa ndani, mweupe kwa unga hadi nyusi, akimwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine. Aliinua macho akaniona, na hakuinua mkono. Akarudi kwenye mahindi.

Sikuwa na haki ya kumsalimia mimi kwanza. Lakini kulikuwa na salamu moja ambayo nilikuwa sijaiitikia. Nilisimama mlangoni nikainua kiganja hadi kwenye kilemba nilichokuwa nimejifunga, nikakiacha hapo. Alimaliza debe. Akachukua la pili. Mkono ulianza kuuma begani, na akina mama wa foleni walikuwa wananitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Sikuushusha. Alipofika nusu ya debe la tatu aliliweka chini, akaizima mashine, na masikio yangu yakabaki yanavuma.

"Unaitikia nini?" akauliza kwa sauti kubwa ya watu wa kinu. "Sijakusalimia."

"Ulinisalimia siku ya koito."

Akapangusa uso. "Uliniona ukaangalia msichana."

"Sikukuona, baba. Nilikuwa naangalia kioo ya simu. Nisamehe."

Nilimpa simu. Aliishika mbali na macho, na mimi nikasogeza picha kwa kidole, moja hadi kumi na mbili. Alitaka turudie. Tukarudia mara tatu, mkono wake mwenyewe ukipanda hadi kofiani na kungoja.

"Na wewe uko wapi hapa?" akauliza.

"Mimi siko. Mimi ndio nimeshika simu."

 "Basi hukuwa huko," akasema.

Hakulisema kwa ukali, na ni kweli. Nimepiga sherehe za watu kwa miaka mingi na sijui kama nimewahi kuhudhuria hata moja. Alinirudishia simu ikiwa na unga kwenye kioo.

"Ni lini?" akauliza.

"Jumamosi."

Aligeuka akawaangalia wale wa foleni. "Kina mama, Jumamosi hakuna kusaga."

"Aa, Mzee," mmoja akasema, "sasa tutakula nini?"

"Sageni Ijumaa. Jumamosi napeleka msichana wangu kanisa."

Akaiwasha mashine, na kelele zikarudi zote kwa mara moja. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka nilipoona akina mama wakitazama nyuma yangu, nikageuka tena. Alikuwa amesimama kati ya magunia, kiganja kiko kwenye ukingo wa kofia, ananingoja. Nikatia simu mfukoni, nikaitika.